Mlinzi Aliyemwingiza Mwizi

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kisa hiki ni cha mtu aliyeficha maradhi yake kwa ustadi mkubwa, hata kilio kilipoanza ndugu zake wakaenda kukitafuta kwa jirani.

Mtu mwenyewe nimemtunga, ili afundishe bila kumwaibisha aliye hai. Ugonjwa wake sikuutunga, wala njia aliyopita. Tumwite Karani, maana hiyo ndiyo kazi iliyompa heshima.

Karani alizaliwa Ushetu, huko Kahama, ambako mtoto hujifunza hesabu kwa tumbaku: safu shambani, fito ndani ya bani la kukaushia, madaraja ya majani siku ya soko kwenye chama cha msingi. Baba yake alikuwa na mabani mawili. Mwaka ambao bei iliwaangusha wakulima, Karani alifanya kama vijana wenzake. Alikunja godoro, akapanda basi, akaenda dhahabuni. Akaanzia Kakola, akasogea Geita, na baada ya hapo kila uvumi wa rashi mpya, yaani dhahabu iliyofumuka mahali, ukawa unamhamisha.

Kifua cha kupiga nyundo na tindo hakuwa nacho. Alikuwa na kichwa. Viroba vya mawe vinapopandishwa kwa kamba kutoka chini, lazima mtu asimame mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia, avihesabu: vya mwenye eneo, vya mwenye duara, vya wachimbaji, vya kulipia matimba ya kuegemeza shimo, vya mafuta ya jenereta. Ugomvi mwingi wa machimboni huzaliwa pale. Karani hakushika daftari. Viroba mia mbili vya usiku kucha alivitaja asubuhi kimoja kimoja, kilibebwa na nani, kilitoka kabla au baada ya chai, na hapakuwa na aliyewahi kumkuta na kosa. Matajiri wawili waligombania kumwajiri. Kichwa chake kilikuwa duara lake.

Mkewe alibaki Ushetu. Alipopata mimba ya pili akaenda kliniki, akapimwa kama wanavyopimwa wajawazito wote, akakutwa na VVU. Karani aliitwa, akaja, akapima naye, majibu yakawa yale yale. Hawakugombana. Mama alianza dawa wiki ile ile kwenye zahanati ya karibu, mtoto akazaliwa salama na vipimo vyake vyote vikaonyesha hana maambukizi. Karani alisema, "Mimi nitachukulia dawa huko huko Geita. Hapa kila mtu ananijua."

Mwaka mmoja alimeza vizuri. Shida yake ilikuwa kopo. Kopo la vidonge hulia kama kayamba ukitembea nalo, na kambi ya machimbo haina ukuta, ni maturubai na nguzo. Basi akawa anavimimina vidonge kwenye nailoni, anaifunga fundo, anaichomeka ndani ya godoro. Kisha ikatokea rashi sehemu ya mbali, akaondoka usiku na wenzake, tarehe ya kliniki ikampita. Mwezi wa kwanza alihofia. Mwezi wa tatu aliona hakuna kilichotokea. Anakula, anatembea, hata mafua hana. Akajisemea kwamba dawa ni za mgonjwa, na yeye mgonjwa siye. Simu ikipigwa kutoka nyumbani alijibu, "Nimemeza, mama watoto." Nailoni iliisha, naye hakurudi kuijaza.

Ikapita miaka mitatu.

Kilichoanza ni miguu. Nyayo zilikuwa zinaungua usiku kama mtu aliyekanyaga majivu ya bani, akawa analala ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji. Wenzake wakasema ni zebaki, na hawakusema ovyo: zebaki hula neva kweli. Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walipima afya za wachimbaji wa Rwamagasa, Geita, wakakuta dalili za sumu hiyo, kama mikono inayotetemeka, hasa kwa wale wanaochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki. Ila Karani hakuwa mchomaji. Kazi yake ilikuwa kuhesabu.

Kisha hesabu nayo ikaanza kumkimbia. Alfajiri moja alisema viroba 183. Walipovihesabu upya walikuta 191. Wakacheka. Wiki iliyofuata akakosea tena, safari hii mwenye duara ndiye aliyepunjwa, na hakuna aliyecheka. Mara ya tatu waliita wizi. Machimboni mwizi wa mawe habembelezwi. Karani alifika Ushetu na begi moja, taulo shingoni, na jeraha juu ya jicho ambalo hakuweza kueleza alilipataje.

Nyumbani walimwona kuwa ni mtu mwingine. Yule msemaji sasa alikaa kivulini kwa bani tangu asubuhi. Ukimuuliza neno, jibu lilichelewa kama mwangwi wa ng'ambo ya bonde. Kufunga vifungo vya shati kulimchukua muda wa chai kupoa. Hakugombana, hakulia, hakucheka. Alitumwa dukani kununua chumvi na kiberiti, akarudi mikono mitupu, akasimama mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Ukoo ukakutana. Wapo waliosema kijicho cha machimboni kimemfuata. Baba mdogo mmoja alikuwa ameshakwenda kupiga ramli, akarudi na jibu la aina ile inayoitwa ramli chonganishi: mchawi yuko ndani ya ukoo, ni mwanamke mzee, ana macho mekundu. Wote wakageuza shingo kumtazama dada wa marehemu babu yao, bibi ambaye miaka yake yote amepika kwenye moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Msomaji wa Shinyanga anajua kinachofuata katika visa vya namna hii. Bibi vizee wengi wa Usukuma wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho ambayo kosa lake ni moshi.

Mkewe ndiye aliyesimama. Mkwe wa kike kusema mbele ya baba wakwe si jambo jepesi, akapiga goti kwanza.

"Shikamooni baba zangu. Naomba mnisamehe kwa nitakalolisema. Huyu hajarogwa. Huyu anadaiwa dawa. Mimi na yeye tulipimwa siku moja. Mimi nameza hapa hapa nyumbani kwenu mwaka wa tano sasa, vidonge vyangu viko juu ya kabati la vyombo, na mnakula nilichopika. Yeye ameacha. Mwacheni bibi."

Kimya kilichoingia, alisema mkewe baadaye, kilikuwa kizito kuliko zege. Kisha babamkwe akauliza, "Zahanati inafunguliwa saa ngapi?"

Daktari aliyempokea hakukimbilia kulipa tatizo jina. Mtu mwenye VVU aliyeacha dawa anaweza kupotewa na akili kwa sababu nyingi: fangasi wa kriptokokasi kwenye utando wa ubongo, kifua kikuu cha ubongo, toksoplazima, kaswende ya zamani, hata malaria. Nyingi kati ya hizo huua haraka na zina tiba yake, kwa hiyo hutafutwa kwanza. Baada ya kuziondoa moja baada ya nyingine, nesi alivuta kiti akaketi mbele ya Karani.

"Baba, nitakupa maneno manne. Uyarudie, kisha uyatunze, nitakuuliza baadaye. Mbwa. Kofia. Maharage. Nyekundu."

Aliyarudia. Nesi akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, kwa upana na kwa haraka awezavyo, sekunde tano. Alama zote hupewa anayefikisha mara 15. Karani alifikisha 8. Akamwonyesha mchezo wa mkono mezani: ngumi, kiganja kimelala, kiganja kimesimama kwa ubavu, ngumi, kulala, kusimama. Sekunde kumi. Alifanya mzunguko mmoja, wa pili ukampotea katikati, mkono ukabaki hewani.

"Sasa baba, yale maneno."

Akafikiri muda mrefu. "Maharage," alisema. Nesi akamsaidia: "Lingine lilikuwa rangi." "Nyekundu." "Lingine kivazi." Kimya. "Lingine mnyama."

"Ng'ombe," alisema Karani, kwa uhakika kabisa.

Alipata alama 4 na nusu kati ya 12. Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni, aliyakumbuka maneno yote manne bila kuulizwa.

Kipimo hicho kina asili ya karibu. Watafiti wa Baltimore, Marekani, na wa Kampala, Uganda, walikichapisha mwaka 2005 baada ya kukijaribu kwa wagonjwa wa miji hiyo miwili. Walitaka kitu kisichohitaji kusoma, kuandika wala mashine, ambacho nesi wa kituo chochote angeweza kukitumia. Anayepata 10 au chini yake hahukumiwi kuwa na ugonjwa. Anapelekwa achunguzwe zaidi. Na hofu yao haikuwa bure. Utafiti wa Kampala uliotoka mwaka 2007 ulikuta kwamba katika wagonjwa 78 wa kliniki ya VVU, asilimia 31 walikuwa na shida ya akili inayotokana na VVU, kwa kiwango cha kuharibu maisha yao ya kila siku. Karibu mmoja kati ya watatu. Ni wangapi kati yao waliokuwa wameshapelekwa kwa mganga, hakuna aliyehesabu.

Sasa tuulize swali ambalo baba mdogo aliliuliza pale kliniki, na ni swali zuri: ugonjwa wa damu unafikaje kichwani?

Watu wa Kahama hawahitaji kuelezwa sungusungu ni nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, bunduki zilizagaa na ng'ombe wakaibwa mchana kweupe. Wanavijiji wa huku na wa maeneo jirani ya Usukuma na Unyamwezi wakajipanga wenyewe kwa pinde na mishale. Ukipigwa mwano, yaani yowe la hatari, kila mwanamume alitoka alivyo, hata kama tonge lilikuwa mkononi. Mwili nao una sungusungu wake: chembe nyeupe za damu. VVU vinajulikana zaidi kwa kumwua kamanda wao, chembe ya CD4. Lakini yuko mlinzi mwingine anayeambukizwa na haanguki upesi. Huyo ni makrofeji, chembe kubwa inayomeza vijidudu na uchafu, pamoja na mdogo wake anayezunguka kwenye damu, monosaiti. Virusi huingia ndani yao, vikakaa, vikazaliana, na mlinzi akaendelea na doria kama kawaida.

Ubongo una ua wake. Mishipa ya damu inayopita humo imezungushiwa chembe zilizobanana, mfano wa minyaa iliyopandwa karibu karibu, kitu cha ovyo kisipenye. Mlinzi wa zamu, hata hivyo, huruhusiwa, maana ndiyo kazi yake. Monosaiti iliyoambukizwa hufika kwenye ua, hutambuliwa kuwa ya nyumbani, hupita. Tumboni imembeba mwizi. Tena haichelewi: watafiti waliochunguza maji ya uti wa mgongo ya watu walioambukizwa karibuni nchini Thailand walivikuta virusi humo mapema kama siku ya 8 tangu maambukizi. Siku ya nane kipimo cha kutoboa kidole hakijaona chochote bado, na mhusika mwenyewe bado anaimba.

Ndani ya ua ndiko kwenye nyumba yenyewe, yaani chembe za neva, zile zinazokumbuka viroba na kuamrisha vidole vifunge vifungo. Hapa sayansi ina jambo linaloshangaza wengi. VVU haviingii kwenye chembe ya neva. Kitasa ambacho virusi hivyo hukifungua, kile kilichoko kwenye chembe ya CD4, kwenye mlango wa neva hakipo. Mwizi anazunguka nyumba nzima na hapati pa kuingilia. Hata hivyo nyumba inabomoka. Nani anabomoa?

Mlinzi. Makrofeji iliyoambukizwa, pamoja na maikroglia, ambao ni walinzi wanaoishi ndani ya ubongo, huanza kupiga mwano usiokoma. Humwaga kemikali za kuamsha uvimbe, ambazo kwenye kidonda cha mguu zingesaidia, lakini ndani ya ubongo ni mishale inayorushwa uani palipojaa watoto. Humwaga pia vipande vya virusi, protini mbili ambazo wataalamu huziita gp120 na Tat, ambazo peke yake ni sumu kwa neva. Walinzi wazima wakisikia mwano nao huja, nao hurusha mishale. Aliyeambukizwa anaweza kuwa mmoja, lakini ua mzima unawaka.

Juu ya hayo kuna glutameti. Hii si sumu, ni sauti ambayo neva hutumia kuzungumza. Neva moja hutoa tone dogo, jirani yake husikia, hufungua mlango kidogo, kisha chembe wasaidizi ziitwazo astrosaiti hupangusa tone lile ili kimya kirudi. Walinzi walioambukizwa humwaga glutameti kwa wingi, na katika vurugu hizo wasaidizi hushindwa kupangusa. Neva husikia kelele bila kupumzika. Mlango hubaki wazi, kalisi huingia kupita kiasi, na mitambo ya nishati iliyo ndani ya chembe huungua. Neva haifi siku hiyo. Kwanza hukunja matawi yake, kama mti unaopukutisha majani wakati wa kiangazi. Kila tawi lililokunjwa ni mazungumzo yaliyokatika na jirani.

Sehemu zinazoumia zaidi ni zile za ndani zinazounganisha fikra na mwendo. Ndiyo maana mtu wa aina ya Karani hapotezi jina la mama yake kama wazee wenye usahaulifu wa uzeeni. Anapoteza kasi. Anachelewa kujibu, anakosea hesabu ndefu, anaangusha kikombe, anapoa moyo. Watu huona uvivu, au kiburi, au wizi. Na mlinzi yule yule hufanya kazi ile ile kwenye mafundo ya neva za miguu; ndiyo ile miguu ndani ya beseni.

Kwa haki niongeze hili: miguu inayoungua ina wazazi wengi. Zebaki nimeshaitaja. Gongo nayo imo. Dawa ya kifua kikuu iitwayo aisonaiazidi hupunguza vitamini B6 mwilini, na ndiyo sababu hutolewa pamoja na vidonge vya vitamini hiyo. Hata mojawapo ya dawa za kwanza za VVU, stavudini, iliunguza miguu ya watu wengi kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Kwa hiyo mwenye miguu inayoungua asijipe jibu mwenyewe wala asiache dawa kwa kisingizio hicho. Aseme kliniki, apimwe, abadilishiwe kama inabidi.

Karani alirudishwa kwenye dawa. Sasa ni kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravia ndani yake, ambacho Tanzania ilianza kukisambaza mwaka 2019. Dawa huzuia virusi visizaliane. Mlinzi asiye na virusi vipya vya kubeba hupunguza mwano, mishale hupungua, na neva ambazo matawi yake yamekunjwa lakini shina lingali hai huanza kuyanyoosha. Kampala walilipima hilo pia: mwaka 2006 walionyesha kwamba wagonjwa wenye shida ya akili walianza kupata nafuu ndani ya miezi mitatu hadi sita ya dawa.

Mwezi wa pili alianza kujibu salamu kwa wakati. Mwezi wa nne alifunga vifungo mwenyewe. Mwezi wa sita nesi alimuuliza tena maneno manne, akataja mbwa, maharage na nyekundu; kofia ilikuja baada ya kusaidiwa. Alipata 9 na nusu. Wote walifurahi, ila nesi hakumficha kwamba 9 na nusu si 12. Neva iliyokufa kabisa haifufuki, na baadhi ya walinzi walioambukizwa hukaa ubongoni miaka mingi hata damu ikisafika. Marekani, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 kwa watu 1,555 wenye VVU ulikuta karibu nusu yao wana upungufu fulani wa akili, wengi kwa kiasi kidogo wasichokitambua wao wenyewe. Wale wenye hali mbaya kabisa walikuwa wawili tu katika kila mia. Kabla ya dawa hali hiyo mbaya ilikuwa ya kawaida kwa waliofikia UKIMWI. Maana yake ni kwamba dawa huziba njia ya kwenda shimoni, na anayeziba mapema hupoteza kidogo.

Hapo ndipo funzo lilipo. Karani hakuponzwa na ujinga; alijua ana VVU, alijua dawa zipo. Tanzania bara na visiwani dawa hizo hutolewa bure, na huduma ya kitaifa ilianza mwaka 2004. Hakuponzwa na umbali pia, kwa kuwa kliniki ya Geita aliichagua mwenyewe, akaiacha zahanati ya kwao. Aliponzwa na mambo mawili. La kwanza, aliupima ugonjwa kwa jinsi anavyojisikia. Kujisikia mzima ni habari ya mwili. Ubongo hauna maumivu ya kukuambia matawi yanakunjwa. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachosema kweli. La pili, alichagua siri badala ya mashahidi. Mwenzake mmoja tu angejua, angemuuliza jioni, "Umemeza?" na pengine nailoni isingekauka.

Takwimu za nchi zinalingana na kisa hiki. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea wana VVU. Kati yao waliojua hali zao walikuwa asilimia 82.7. Kati ya waliojua, waliokuwa kwenye dawa walikuwa 97.9, na kati ya hao, 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Itazame ngazi hiyo vizuri. Dawa zinafanya kazi kwa karibu kila anayezimeza. Pengo kubwa liko kwenye kipandio cha kwanza, cha kujua. Na baada yake kuna kundi la akina Karani, waliojua wakaacha.

Kwa hiyo, ewe uliye machimboni, iwe Mwabomba, Kakola au Nyarugusu: rashi ikikuhamisha, omba barua ya uhamisho kliniki, au beba kadi yako ukajitambulishe kituo cha karibu na shimo jipya. Ukipitwa na tarehe, rudi hata kama ni baada ya mwaka. Kukemewa na nesi kunauma dakika tano. Nawe nesi, punguza kukemea, maana ukali wa mapokezi ni ua mwingine wa minyaa. Ewe mwenye duara, karani wako mwaminifu akianza kukosea hesabu, muulize afya kabla hujamwita mwizi. Nanyi baba wakwe na baba wadogo, kijana aliyebadilika tabia apelekwe zahanati kwanza. Bibi mwenye macho mekundu anahitaji jiko lenye moshi mdogo na heshima ya umri wake.

Karani sasa anahesabu tena, mizigo ya tumbaku ya majirani siku za soko. Anashika daftari, na haoni aibu nalo. Kila jioni saa mbili mkewe anashusha makopo mawili kutoka juu ya kabati la vyombo, anayatikisa makusudi ili mumewe asikie alipo, naye anakuja. Watoto wameizoea sauti hiyo kama wanavyozoea kengele ya shule. Majirani wote wanaisikia, na mpaka leo kelele za kopo la dawa hazijamuua mtu.